Mwangalizi wa Jengo la Tano na Kibali Alichokikataa

Ndugu, jamaa, wenzake wa kazini, majirani wa Jengo la Tano, mliokuja kwa mapenzi na mliokuja kuhakikisha kwamba kweli amekufa, karibuni nyote, viti vipo vya kutosha. Historia hii imeandikwa na mimi msomaji, mke wa mwanawe wa pili, kwa maneno aliyoyasema marehemu mwenyewe akiwa kitandani, na inasomwa kama alivyoagiza, bila kuruka kitu, hata kile ambacho familia ingependa kifukiwe pamoja naye.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1956, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba namba tisa, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Mama yao aliwalisha uji kwa kijiko kimoja, kwa zamu, na shangazi yake aliyepo hapa leo anasema kwamba hata kabla hajajua kutembea, marehemu alikuwa analia kijiko kikimruka mtu, hata kama aliyerukwa si yeye.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akamaliza darasa la saba Novemba 1970, na miaka mitatu kati ya hiyo alikuwa kiranja, si kwa kupendwa, bali kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa tayari kumwandika rafiki yake wa dawati moja kwa kosa la kuchelewa. Baadaye alisoma ufundi wa umeme kwa miaka miwili, akibeba magunia asubuhi na kusoma jioni, na tarehe 1 Aprili 1974 akaajiriwa kuwa msaidizi wa fundi wa lifti, kazi aliyoifanya miaka kumi na sita, akapoteza kucha mbili na asipoteze mtu hata mmoja.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na dobi aliyekuwa akiwafulia mafundi mashati, baada ya kurudisha shati lilelile mara tatu akilalamikia kola, na mara ya nne dobi akamwambia, "Kaka, kola haina shida, mwenye shida ni wewe, sema unachotaka." Walijaliwa watoto wanne, mmoja alitangulia mwaka 1986 akiwa na miaka miwili, watatu wapo, na wajukuu ni saba pamoja na huyu aliye mgongoni kwa msomaji.

Mwaka 1990 aliajiriwa kuwa mwangalizi wa Jengo la Tano katika nyumba hizi za umma, ghorofa kumi, nyumba themanini, lifti moja, akapewa na chumba cha chini kando ya mlango mkuu, chumba cha kazi, maana yake kazi ikiisha na chumba kimeisha. Humo ndimo alimolea familia yake miaka thelathini na tatu, na humo ndimo mwanawe wa pili alimoleta mke.

Maradhi yale yalipoingia, Machi 2020, ofisi ya nyumba ilileta ndoo za maji na sabuni, barakoa, vikapu vya chakula kwa waliofungiwa ndani, na namba ya simu ya muuguzi, ikaleta na masharti: lifti watu wawili tu, na mgeni haingii bila kibali cha kumtunza mgonjwa, chenye muhuri mwekundu. Marehemu alisimama mlangoni tangu alfajiri akipaza sauti, "Wawili wawili!" mkampa jina la Mzee Wawili-Wawili, na kijana mmoja wa ghorofa ya pili akamwambia, "Siku yako ikifika, Mzee, nani atakusindikiza mtimie wawili?" watu wakacheka, na yeye akamjibu avute barakoa ifunike pua.

Vikapu alivipandisha kwa ngazi, kwa miguu yake, ili lifti ibaki kwa wagonjwa, na alijua kwamba mzee wa ghorofa ya tisa hana meno, akambadilishia maharage kwa unga bila kuulizwa. Lakini mtu akibeba hasikiki, akikataza anasikika jengo zima. Mlimmwagia maji ya vyombo kutoka dirishani, mkaandika kwenye kioo chake "mbwa wa ofisi", mkawakataza watoto wenu kucheza na wajukuu zake, na mkaandika barua aondolewe, nyumba sitini na moja zikatia sahihi. Marehemu aliisoma, akaibandika mwenyewe kwenye ubao wa matangazo, kwa kuwa sheria ya jengo inasema barua ya wapangaji ikae ubaoni siku saba.

Sasa tunafika Jumanne ya tarehe 9 Juni 2020.

Bibi wa ghorofa ya saba alikuwa ameugua siku mbili, na binti yake wa pekee, fundi cherehani anayeishi upande wa pili wa mji, alikuja saa nne asubuhi kumuuguza, akiwa na kibali kwenye simu. Marehemu alikitazama, akakirudisha, akasema mbele ya foleni yote ya kunawa mikono, "Hiki ni feki, hata muhuri hakina." Binti akamwambia, "Baba, nimetumiwa na ofisi leo asubuhi, naomba piga simu uulize." Marehemu akasema, "Sipigi simu kwa ajili ya picha ya kuchora." Foleni ikacheka. Yule binti akakaa kwenye ngazi ya nje, akampigia mama yake, wakaongea hadi mama akaacha kujibu, na saa kumi jioni muuguzi alipopanda alimkuta bibi amefariki, peke yake, kikapu cha asubuhi kikiwa bado mlangoni.

Katika daftari la matukio marehemu aliandika kwamba mtu alijaribu kuingia kwa kibali cha kughushi. Siku tatu baadaye alipewa waraka uliokuwa umelala wiki nzima kwenye droo ya msimamizi wa majengo, unaosema kwamba kuanzia tarehe 5 Juni vibali vinatumwa kwa simu na havina muhuri. Mama mkwe anasema aliusoma akiwa amesimama, kisha akakaa sakafuni ndani ya lifti, na lifti ikapanda na kushuka naye, watu wakiifungua na kuifunga.

Alikwenda ofisini tarehe 15 Juni kuomba daftari lisahihishwe, akaambiwa asubiri. Alikwenda tena tarehe 2 Julai, na wakati huo yule binti alikuwa ameomba apewe nyumba ya mama yake, nyumba alimozaliwa, akanyimwa kwa sababu ya lile neno kughushi, na nyumba ikagawiwa watu wengine. Mara ya tatu, tarehe 8 Septemba, msimamizi wa majengo alimwambia, "Mzee, faili limefungwa, ukilifungua utajifungia nje mwenyewe, wewe na wajukuu zako."

Akanyamaza. Alinyamaza miaka mitatu, na hapa familia haimtetei, kwa sababu sisi ndio tuliolala kwenye chumba kile kwa bei ya kunyamaza kwake. Yule binti mkamwita Feki, mbele yake na nyuma yake, wateja wake wa hapa wakamkimbia, akahamia chumba kinachovuja na watoto wawili, na marehemu akasikia yote kupitia dirisha lake dogo.

Januari 2023 alianza kuugua figo na kifua. Ijumaa ya tarehe 28 Julai alitolewa chumbani kwa machela, na ikatokea kwamba yule binti alikuwa mlangoni, amekuja kumpimia mpangaji mmoja mapazia, akawazuia wabebaji kwa mkono, akauliza, "Huyu ana kibali? Kina muhuri?" Mtoto wa marehemu akamjia juu, akamwita mtu asiye na haya, na marehemu akaivuta kando barakoa ya hewa aliyovalishwa, akasema, "Muache. Anachonidai ni chake."

Wodini hakulala vizuri mpaka alipopata wa kumwandikia. Tarehe 11 Agosti muuguzi wa zamu, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha na gari lake linamsubiri, alivuta kiti, akaandika maelezo yake neno kwa neno, marehemu akatia sahihi, daktari akashuhudia. Mke wake alimuuliza, "Baba watoto, umefikiria tutalala wapi?" Akasema, "Nimefikiria hilo miaka mitatu, ndiyo maana nimechelewa." Alifariki Alhamisi tarehe 17 Agosti 2023, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa dobi wake.

Familia inawashukuru madaktari, na yule muuguzi kuliko wote. Tunawashukuru majirani mliotuletea chakula hospitalini, baadhi yenu sahihi zenu zimo kwenye ile barua, tunazikumbuka, na chakula pia tunakikumbuka. Tunamshukuru mama wa ghorofa ya pili aliyemmwagia maji, ambaye tangu jana anaosha vyombo vya msiba huu bila kuitwa na mtu. Tunamshukuru msimamizi wa majengo kwa shada la maua, na kwa kukaa kiti cha mbele, ambako mtu anasikia vizuri.

Maelezo ya marehemu ni haya: "Kibali cha binti wa ghorofa ya saba kilikuwa halali. Niliandika uongo kwa kutokujua, nikauacha kwa kujua. Nyumba ile ilikuwa haki yake."

Nakala ni tatu. Moja anakabidhiwa sasa hivi bwana msimamizi, mkononi, mbele ya mashahidi, na asisumbuke kuhusu chumba cha chini, vyombo vyetu tumeshavifunga tangu asubuhi. Ya pili inabaki kwa familia. Ya tatu ni ya dada aliyekaa kule nyuma karibu na geti, ambaye kamati ya mazishi ilishauri asiruhusiwe kuingia, na familia ikakataa.

Dada, hatukuombi umsamehe, na yeye hakuomba hilo. Tunakuomba usogee, watu wakupishe njia, uipokee karatasi hii mbele ya walewale waliocheka.

Nawe Baba, umeshasema. Kapumzike.