Juliana Laurean Dotto (1959–2025), Aliyesoma Kila Ujumbe wa Jukwaa la Kuku

KUKU WA GWATA WALIPONA! Januari 2024, mdondo ulipoingia Gwata, kuku zaidi ya elfu mbili walichanjwa kabla ugonjwa haujawafikia, wakafa saba tu wa ile nyumba ulikoanzia. Na aliyewaokoa ni Bibi Juliana, akiwa amekaa sebuleni kwake Kibaha, miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, simu mkononi. Hilo ndilo jambo bora kuliko yote, ndiyo maana limetangulia. Mengine yanafuata kwa mpangilio, maana Bibi alikuwa mtu wa mpangilio.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 Kamachumu, mkoani Kagera, mtoto wa tatu wa Mzee Laurean na Mama Kokushubira. Alisoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1967 mpaka 1973, akamaliza kidato cha nne mwaka 1977. Mwaka 1979 alikwenda Tabora kusomea utunzaji wa kumbukumbu. Alisema alichagua kozi hiyo kwa sababu foleni yake ya kujiandikisha ilikuwa fupi.

Mwaka 1980 alipangiwa Kibaha, kwenye masjala ya ofisi ya serikali. Masjala ni kile chumba ambacho kila barua inayoingia ofisini inapita kwanza, inagongwa muhuri, inapewa namba na faili. Bibi alikaa humo miaka thelathini na tisa. Alikuwa na kanuni moja tu: barua haiendi kwenye kapu mpaka mtu ameisoma mpaka kwenye sahihi. Hata ya mtu anayelalamika kila wiki. Hata ya mlevi.

Ndoa yake nayo ilipitia masjala, na huu si utani. Mwalimu Fabian Dotto wa Maneromango, Kisarawe, alimwandikia barua ya posa akaituma kwa anwani ya kazini. Bibi akaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akaipa namba, akajibu baada ya siku saba za kazi: "Ombi lako limefikiriwa na kukubaliwa." Walifunga ndoa kanisani Maneromango tarehe 25 Agosti 1984, wakabarikiwa watoto wawili, Stellamaris na Laurean. Babu Fabian alifariki 2013. Barua ile bado ipo, na muhuri wake.

Alipostaafu 2019, Stellamaris alimnunulia simu ya kupangusa. Hakuna aliyemfundisha. Alibonya kila kitu mpaka akajua. Kuku alikuwa nao hamsini nyuma ya nyumba, maswali alikuwa nayo mengi, wa kumuuliza hakuna. Basi yeye na Faudhia, anayeuza chakula cha kuku Kisarawe, wakafungua mtandaoni Jukwaa la Wafuga Kuku Kibaha na Kisarawe. Walianza watu arobaini. Leo ni elfu tatu mia nne na kumi na wawili.

Sasa jukwaa likikua, wanakuja na wasiofuga. Waliingia waganga wa kurudisha wapenzi, wakaingia wa mikopo ya dakika tano, wakaingia wale wa "tuma ile hela kwenye namba hii". Mgeni akiandika kwa mara ya kwanza, ujumbe wake unakaa foleni mpaka msimamizi aupitishe, na foleni ilikuwa ya Bibi. Kuna mganga alijiunga kwa majina kumi na manne tofauti. Bibi akamwandikia: "Ndugu mganga, kama kweli unaona yaliyofichika, mbona hukuona kwamba nitakufuta?" Yule mganga akajibu, "Mama, hapo umenipata," na hakurudi tena.

Alibuni pia beji ya Jogoo wa Wiki, kwa anayejibu maswali mengi. Ilikuwa balaa! Watu wakawa wanaandika "sawa", "asante", "kweli kabisa" kila mahali ili namba zipande. Bibi akabadilisha: beji inatolewa na aliyeuliza, kwa jibu lililomsaidia. Kelele zikaisha siku ileile, na mmoja akanuna mwezi mzima.

Na kila Ijumaa jukwaa lilimletea orodha ya walionyamaza siku sitini, linamuuliza kama awaondoe. Yeye aliwapigia simu.

"Hujambo mwanangu, kuku wazima?"

"Nimeuza wote, mama. Nabaki kusoma utani tu."

"Baki," Bibi alimwambia, akaenda kwa anayefuata.

Lakini alikosea, na aliagiza kosa lake lisomwe kwenye maziko yake bila kupunguzwa. Mwaka 2021 foleni ilimshinda, akawasha chujio linalofuta lenyewe. Mzee Mwinyimadi wa Dutumi akajiunga. Akaandika: "Kuku wangu wamezubaa, wanaharisha kijani, shingo zinapinda. Nifanyeje?" Mtandao wa kule ukawa unasuasua, haoni kama umekwenda, akabonya tena, na tena, mara tisa. Chujio likaona mgeni anarudia ujumbe uleule mara tisa, likamtupa kule kwenye waganga na kumfungia mlango. Siku ya nne Bibi alikwenda kumwaga kapu la ujumbe uliofutwa. Kwa vile alikuwa Bibi, akalisoma kwanza. Akapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Juliana, wa jukwaa la kuku."

"Aa. Ndiyo mmemaliza kufikiri?"

"Nilikufuta, baba. Nilidhani tapeli."

"Tapeli ana kuku wanaokufa? Sasa ningemtapeli nani?"

Kati ya kuku sitini na nne walikuwa wamebaki wanne. Kesho yake Bibi alipanda bodaboda mpaka Dutumi, amepakata jogoo mmoja na mitetea miwili. Mzee Mwinyimadi alikuwa kwenye kizingiti cha nyumba, hakusimama.

"Hao wamechanjwa?"

"Wamechanjwa."

"Mhaya kuja mwenyewe kuomba msamaha," mzee akasema, "leo mvua itanyesha. Haya, kaa ule."

Alikula. Akarudi Kibaha, akazima chujio, na tangu siku hiyo halikuwashwa tena. Kila asubuhi saa moja, baada ya chai, alisoma foleni yote kwa macho yake, ujumbe kwa ujumbe, na waganga humohumo.

Ndiyo maana Gwata walipona. Siku ile ya Januari, mgeni mmoja wa Gwata aliandika mara kumi na moja kwamba kuku wake wanapinda shingo. Chujio lingemfuta. Bibi alimsoma mara ya kwanza tu, akawatumia arifa wanachama wote wa Gwata, akampigia bwana mifugo, na chanjo ikafika kesho yake mchana.

Mwezi Juni mwaka huu miguu ilianza kumvimba zaidi. Madaktari wakasema ni moyo. Tarehe 2 Agosti alilazwa hospitali ya Tumbi, na manesi wa wodi walimpenda, maana alijua kuku wa kila mmoja wao. Faudhia alipokwenda kumwona alimkuta na simu usoni.

"Mama, washa lile chujio upumzike. Leo wako sabini."

"Lianze kufuta tena? Ya nani safari hii?"

"Macho yako yamechoka."

"Basi nisomee. Masikio hayajalazwa."

Wakawa wanamsomea kwa zamu, Faudhia na Stellamaris. Bibi alilala amefumba macho, akisema "pitisha", "pitisha", "huyo mganga", "pitisha", "huyo mpigie sasa hivi".

Jumanne tarehe 12 Agosti 2025 walifika kwenye ujumbe wa kumi na mbili, Stellamaris akatoka kwenda kuchukua uji. Aliporudi Bibi alikuwa amefariki. Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi. Uji ulikuwa bado wa moto. Stellamaris aliufunika.

Tangu siku hiyo nyumbani watu wanafanya kazi tu. Wamefagia uwanja, wameazima viti, wamepanga sahani. Kuku wamelishwa kwa wakati. Simu ya Bibi iko kwenye chaji juu ya kabati, inalia kila mgeni anapoandika, na hakuna aliyeizima sauti. Faudhia aliishika mara mbili. Mara zote mbili alifika kwenye ule wa kumi na tatu, akairudisha.

Jana kwenye kikao cha familia Laurean alisema, "Jamani, tumefiwa. Tuwashe chujio lifanye kazi, watu wataelewa." Watu walikunywa chai. Halafu Faudhia akanyanyuka, akaichukua simu pale juu ya kabati, akakaa nayo chini mkekani, akaanza na wa kumi na tatu kwa sauti. Mtu wa Visegese alikuwa ameuliza kama vifaranga wanaweza kupewa pumba za mahindi tupu. Stellamaris akasema, "Pitisha." Sauti yake haikuwa na kitu chochote. Walisoma mpaka wa ishirini, wakashindwa kuendelea, wakakubaliana kumalizia leo.

Marehemu ameacha watoto wawili, Stellamaris na Laurean, wajukuu watano, dada yake Bibi Koku wa Kamachumu, mwenzake wa jukwaa Faudhia, kuku arobaini na watatu, wote wamechanjwa, na wanachama wa jukwaa ambao wengi wao hakuwahi kuwaona uso kwa uso. Analazwa leo Ijumaa tarehe 15 Agosti, Maneromango, pembeni ya mumewe.

Bibi Juliana, lala sasa. Mungu akupe amani na usingizi usio na arifa.

Kwenye foleni wapo watu thelathini na watatu. Hawajui kwamba amefariki, wanajua tu kwamba hawajajibiwa. Faudhia na Stellamaris wanakaa kuwasoma leo saa kumi, tukitoka hapa, mpaka wa mwisho. Kwa hiyo tafadhali, usiiache karatasi hii kwenye kiti. Mpe mfugaji yeyote unayemjua, wa Kisarawe, wa Gwata, wa Dutumi, wa popote, na umwambie: kama uliandika ukaona kimya, ujumbe wako haujafutwa.