Shukrani kwa Aliyeifunga Mashine ya Randa

Mheshimiwa Katibu Mtendaji wa Sekta yetu ya Kamembe. Shehe wetu na Mchungaji wetu. Wazee wangu wa randa na msumeno. Ba-maman, ba-papa, na ninyi majirani mnaovumilia kelele zetu: karibuni katika karakana mpya.

Mimi ni Muhigirwa, mwenyekiti wa ushirika huu wa maseremala. Nimepewa kazi ya kuisifu mashine ya randa mnayoiona pale. Mtanisamehe, nitamsifu aliyeifunga.

Mashine yenyewe ni ndogo, watu wawili wanaibeba. Ilipofika, tulikuwa tumeahidi milango kumi na miwili kwa nyumba ya wageni kule Nkanka, na siku zilikuwa zimetubana. Nikaamuru iwekwe juu ya meza yetu ya zamani, iwashwe, kazi ianze. Maman Mukakalisa, aliyefundishwa useremala na baba yake huko Bukavu, ng’ambo ya mpaka, kabla familia yao haijarudi nyumbani, akaisukuma ile meza kwa kidole kimoja.

“Papa Muhigirwa, hii meza iko inacheza. Na mashine haina hata bolti moja. Tuifunge kwanza.”

Mnajua nilimjibu nini? Nilisema, mbele ya wanachama wote, “Maman, sisi tulikuwa maseremala wakati wewe ulikuwa unachezea maranda.” Watu wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakuondoka. Alikwenda kusimama karibu na plagi.

Mzee Mudathiru, fundi wetu mkongwe, akaingiza ubao wa kwanza. Meza ikatikisika, mashine ikaanza kutembea kuelekea ukingoni, na mzee wetu, badala ya kuruka pembeni, akaikumbatia ili isianguke. Ndugu zangu, mkono wake ulikuwa shubiri moja tu kutoka kwenye visu! Mukakalisa akachomoa waya. Mashine ikanyamaza.

Kumbe sakafu ilikuwa inateremka upande wa mlango. Mukakalisa akakata upya miguu ya meza mpaka kipovu cha pimamaji kikatulia katikati. Akaweka juu yake ubao mnene, akatoboa matundu manne, akapitisha bolti na kukaza nati kwa spana. Kisha akajenga viegemeo vya ubao mbele na nyuma, usawa mmoja na kitanda cha mashine, ili ubao mrefu usining’inie na kuliwa ncha na visu. Siku ya pili nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza kama bado.

“Milango itangoja, Papa. Mukono ikikatika, haioti mara ya pili.”



Alipomaliza, Mzee Mudathiru akapitisha ubao wa mti wa msedera, akaupapasa mwanzo hadi mwisho. “Alhamdulillahi,” akasema. “Kazi yangu ya asubuhi nzima, na chai haijapoa.”

Milango ilichelewa siku nne. Mwenye nyumba alinung’unika sana, mpaka alipoufunga mlango wa kwanza, ukakaa sawasawa. Sasa ameagiza madirisha.

Maman Mukakalisa, nilikuja kukuomba radhi nyumbani kwako, ukanikaribisha ugali. Lakini sikukudharau nyumbani kwako, nilikudharau hadharani. Tafadhali simama, watu wakuone. Nilikosea mimi, ulikuwa sahihi wewe, na ushirika mzima unakushukuru.

Nanyi nyote mlionipa masikio yenu, asanteni sana. Mzee Mudathiru, tuanzishie makofi, kwa mikono yako yote miwili.