Kivuli Bila Mti

Feri ya kwenda Likoni ilikuwa haijafika hata katikati, na mama mwenye buibui alikuwa ameshauliza tena na tena kama itachelewa. Kahaso, muuza makaa aliyekalia gunia lake tupu karibu naye, alitega sikio. Safari fupi haitaki adabu nyingi.

"Kwani una mgonjwa, mama?" aliuliza kijana mwenye baiskeli.

"Nina mti." Akakunjua karatasi. "Mwalimu wa chuo kikuu ataka kujua kama watu twaiona mimea. Katwambia tuchore nyua zetu. Nimechora asumini, mrehani, na mimi hapa nashona kofia. Kaniuliza, mama Mwanarehema, kivuli hiki ulichokalia ni cha nini?"

Kijana aliitazama. Mti haukuwapo.

"Mwarobaini," alisema mama. "Nimekaa chini yake tangu niolewe, na wallahi nimeusahau."

"Si utauchora tu?"

"Leo asubuhi shemeji yangu Boga kaniomba aukate, ajenge chumba. Nikamwambia kata, mti wenyewe kazi yake kunimwagia majani tu. Sasa nakimbilia kumzuia."

"Chumba nacho ni haja, mama. Watu hawalali mtini."

"Na mimi mchana nikae wapi, chumbani kwake?"

Kahaso, ambaye hakupata kuutazama mti ila kwa jicho la makaa, alijikuta anautakia heri mti asioujua. Feri ikagota ukingoni. Mama akakusanya buibui lake, akapenya mbele ya watu wote.

"Labda huyo Boga ni mvivu!" kijana alimpigia kelele.

"Mvivu sana! Lakini shoka ni la kuazima, larudishwa leo."