Dawa ya Ndama na Ini Langu

Sifa kwa Bwana, kutoka vilima vya Kirolirwe mpaka misitu ya Ntoto! Ndugu zangu, nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu mwenyewe, na hilo peke yake linatosha kunifanya niimbe.

Wengi mnanijua kama Papa Amani, mtengeneza jibini. Nilizaliwa kati ya ng'ombe. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani, mimi nimeshawasha moto, maziwa yanapata joto polepole, na mikono yangu inanuka moshi na siagi. Ni kazi ninayoipenda. Lakini kwa miaka mingi niliifanya nikiwa na hofu ambayo sikumwambia mtu.

Baba yangu alikufa kwa saratani ya ini. Tumbo lilivimba, macho yakawa ya manjano kama ua la boga, na mwili uliobaki ukawa mwepesi kama ganda la hindi. Majirani walisema amepewa sumu. Daktari alisema ni ini. Mimi nilisikia neno moja tu: zamu yako inakuja.

Kwa hiyo tumbo langu lilipoanza kuuma, ndugu zangu, sikwenda hospitali. Niliogopa kuambiwa. Nyumbani tulikuwa na unga wa antibiotiki, ule tunaowapa ndama wanapoharisha. Nikajiambia: dawa inayomsimamisha ndama itashindwaje kunisimamisha mimi? Nikakoroga kijiko kimoja ndani ya maji, nikanywa. Maumivu yakatulia. Yaliporudi, nikanywa tena. Na kwa kuwa ilikuwa chungu, niliisindikiza kwa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Kikombe kimoja, baadaye viwili, baadaye chupa nzima. Ikawa hivyo miaka miwili.

Siku moja mke wangu, Mama Amani, alinikuta na kijiko mkononi.

"Sasa weye uko ndama?"

"Tumbo njo tumbo, Mama, ya mtu na ya ndama ni moja."

"Basi kesho nitakufunga kamba, uende kukula majani na wenzako!"

Wenzangu wa kazi waliposikia habari hiyo walicheka mpaka wakashika mbavu. "Papa Amani, pembe zinaanza kuota!" Nilicheka nao. Lakini suruali ilikuwa inanilegea kiunoni, na harufu ya chakula ilikuwa inanichukiza.

Kisha asubuhi moja Mama Amani alinigeuza uso kuelekea jua. Hakutania.

"Macho yako iko manjano," akasema kwa sauti ndogo. Yeye ndiye aliyemuuguza baba yangu. Alijua anachokiona.

Nilipiga magoti palepale kando ya sufuria. Sikuwa na maombi marefu. Nilisema: "Bwana, sitaki kujua. Nisaidie nitake." Nikasimama, nikapanda pikipiki, nikaenda hospitali. Ndugu zangu, kwangu muujiza ulianzia hapo, pale miguu iliponitii!

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Aliniuliza huwa ninakunywa nini. Nikaficha. Akauliza tena, nikamwambia yote, unga na kasiksi. Hakunigombeza. Alivuta kiti karibu.

"Papa, mu tumbo mwako muko vidudu vidogo sana, vingi. Vingine vinakusaidia. Ile dawa inaua hata vile vizuri, na vibaya vinapata nafasi. Pombe nayo inalegeza ukuta wa utumbo. Sasa damu yote ya matumbo inapita kwanza mu ini. Uchafu wa vile vidudu vibaya unafika pale kila siku. Ini inavimba, inapata makovu. Mu makovu njo kansa inaweza kuanzia."

Akanieleza pia kwamba vidudu si sababu pekee. Kuna virusi vya ini, kuna pombe yenyewe, kuna mahindi yaliyoota ukungu, na wataalamu bado wanatafuta mengi. Kisha akaniuliza swali ambalo sitalisahau.

"Weye unafanyaka fromaji, jibini yetu. Ng'ombe akipewa dawa, maziwa yake unafanyaka nayo nini?"

Kwetu ng'ombe aliyetibiwa tunamfunga kitambaa chekundu kwenye pembe, na kwa siku kadhaa maziwa yake hayaingii kwenye sufuria. Mtu akisahau akayamimina, kazi yote ya asubuhi inaharibika. Maziwa hayachachuki vizuri, kwa sababu dawa imeua chachu. Hata mtoto wa mfugaji anajua.

"Sifanye nayo kitu, Dokta," nikajibu. "Inaua chachu."

Hapo nikasikia nilichosema. Ee Bwana! Nimeilinda sufuria kuliko tumbo uliloliumba!

Ilibaki ekografi, kipimo cha mashine inayoonyesha ndani ya tumbo. Nililala, akanipaka kitu cha baridi tumboni, na kwenye kioo cha mashine nikaona mawingu ya kijivu tu. Sikuyatazama tena. Niliutazama uso wake, kama mfungwa anavyomtazama hakimu.

"Uvimbe sioni, Papa," akasema mwishowe. "Kansa haiko. Lakini ini imechoka, makovu yameanza."

Nililia kama mtoto. Ndugu zangu, sikupewa ini jipya. Nilipewa muda, na muda ni zawadi kubwa! Kasiksi niliiacha siku ileile. Unga umebaki zizini kwa wenyewe, ndama. Polepole macho yangu yakarudi meupe, na sasa ninakula ugali na maharage ya Mama Amani mpaka ananiambia niwaachie watoto.

Jumanne ijayo ninarudi kupimwa, maana makovu hayo lazima yaangaliwe kila mara. Sitawadanganya mbele za Mungu: bado naogopa. Lakini sasa naogopa nikiwa njiani kwenda, sijifichi tena. Na wewe uliyemzika baba aliyevimba tumbo, wewe unayekwepa kioo asubuhi, mtumaini Bwana na ufuatane nami. Pikipiki ina nafasi ya mtu mmoja nyuma. Ukiingia kwa daktari, nitasimama mlangoni nikikuombea. Ukitoka, nitaingia mimi, na wewe utaniombea.