Mwalimu Mwajabu Khatibu na Insha za Ijumaa

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiswahili, minane Mabamba na ishirini na sita hapa Kibondo mjini, Mwalimu Mwajabu Khatibu anastaafu leo, Ijumaa tarehe 31 Julai 2026. Wanaomfahamu wanajua kwamba hangekubali kustaafu siku nyingine yoyote ya wiki.

Alizaliwa Kasulu, binti wa muuza vitenge aliyehamia kutoka pwani, nyumbani wakizungumza Kiswahili tu, na dukani kwa baba yake alijifunza kumsikiliza mteja kabla ya kunyoosha mkono kwenye rafu. Alipofika Mabamba mwaka 1992, wanafunzi walimwamkia kwa Kiha, naye akawa anawajibu kwa lafudhi iliyowavunja mbavu. Hakuona haya. Aliwaambia wao wamfundishe Kiha chao, yeye awafundishe Kiswahili, waone nani atashindwa kwanza.

Huko ndiko alikoanzisha Insha ya Ijumaa. Kila mwanafunzi huandika ukurasa mmoja, na Jumatatu hurudishiwa daftari likiwa na sentensi moja ya mwalimu, kwa mkono wake, kwa wino mwekundu, bila alama. Jumatatu kengele ya mapumziko ikigonga, watoto hukusanyika kwenye tangi la maji kubadilishana madaftari, kila mmoja asome mwenzake ameandikiwa nini. Aliyejaza ukurasa kwa methali za kuazima hukuta maneno haya: “Nimesoma. Wewe uko wapi humu?” Mimi ninayeandika wasifu huu, Nurudini Saady, nilikuwa mwanafunzi wake kabla ya kuwa mwenzake wa idara, na niliandikiwa hivyo mara tatu kwa muhula mmoja.

Mwaka juzi Insha ya Ijumaa ilikaribia kufa. Kidato cha Pili kilifikisha wanafunzi mia mbili na kumi na wanne, na macho ya Mwalimu yakaanza kukataa mwandiko wa wanafunzi mara jua linapopungua nguvu. Saa za mchana alizobakiwa nazo zililiwa na maandalio ya masomo, mazoezi ya ufahamu na mitihani ya majaribio. Mkuu wa shule, kwa nia njema kabisa, alishauri insha iwe ya mwezi mara moja. Mwalimu Mwajabu aliendelea kuyabeba madaftari yote nyumbani. Sisi tunaomjua tuliyahofia macho yake.

Ndipo nilipomwonyesha programu ya akili mnemba kwenye simu. Aliiagiza zoezi la ufahamu, ikamletea kisa cha mtoto aliyepanda lifti kwenda kununua piza. Alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaanza upya, kama mtu aliyekulia dukani: mtoto humtumi sokoni bila kumwambia unataka nini, kiasi gani, na cha nani. Akaieleza kwamba ni Kidato cha Pili, kipindi cha dakika arobaini, watoto wanaojua kupanda maharage na kurina asali, maswali matano, mawili yasijibike kwa kunakili. Kazi iliyokuwa ikimla mchana mzima ikaisha kabla chai haijapoa. Bado aliikagua kila mstari. Siku ilipoiweka Mabamba kando ya ziwa, alisema hata mgeni aliyeshuka kwenye basi jana asingekosea hivyo.

Mimi nilipoona mambo yanakwenda, nikapata tamaa. Juma moja alipokwenda kliniki ya macho, nilipiga picha madaftari hamsini na matatu ya mkondo mmoja, nikaiachia programu isome, na maoni yake nikayanakili kwa wino mwekundu. Nilijiona mjanja. Jumatatu, pale kwenye tangi la maji, madaftari kumi na moja yalikutwa na sentensi moja ileile: “Insha nzuri, ongeza tamathali za semi.” Mojawapo lilikuwa la Firdausi, aliyekuwa ameandika jinsi shangazi yake alivyowagawia yeye na dada zake mbegu za maharage za marehemu mama yao, na yeye akaogopa kuzipanda zisije zikaoza. Ijumaa iliyofuata daftari lake halikuletwa. Wala iliyofuata.

Mwalimu alirudi, akahesabu madaftari, akauliza, nami nikakiri. Hakunifokea, na ningependa angefoka. Aliniambia tu kwamba mtoto alimwandikia mtu, na kwamba siri ya mtoto haipigwi picha ikatumwa tusikokujua. Nilitamani ardhi inimeze. Aliingia darasani akawaomba radhi wote kwa kosa ambalo si lake, akayakusanya upya madaftari yote hamsini na matatu, la Firdausi alilifuata nyumbani kwao. Humo aliandika: “Nimesoma. Usiziogope. Zikiota, niambie.” Baada ya wiki tatu Firdausi alileta kurasa nne. Zilikuwa zimeota. Sasa yuko Kidato cha Nne, na anatuambia atasomea ualimu.

Tangu hapo idara yetu ina utaratibu. Mashine hutuandalia rasimu za maandalio, mazoezi ya ngazi tatu kwa darasa moja, na maswali ya majaribio. Sisi tunakagua na kurekebisha. Saa zinazookolewa, ambazo kwa Mwalimu ni saa za mwanga, ni za kusoma watoto walichoandika. Hazikuokolewa ili tukapige soga. Likizo ya mwaka jana alikwenda Kasulu kuwafundisha walimu wengine wa lugha njia hiyo. Polycarpe, mwalimu wa Kifaransa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alisimama mwishoni akasema: “Mama, miaka tatu natafuta muda, kumbe muda ilikuwa ndani ya telefone yangu!”

Nikiri la mwisho. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu niliiagiza kwa mashine. Ilikuja upesi, yenye taa ing’aayo na mti wenye matunda, nzuri, ingemfaa mwalimu yeyote wa mahali popote. Niliisoma nikaisikia sauti ya wino mwekundu, nikaifuta. Haya ni yangu, pamoja na aibu yangu.

Asante, Mwalimu, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na watoto wote uliowasoma. Mungu akupe afya, macho yaendelee kuona, na shamba lako la Kasulu likujibu vizuri kuliko tulivyokujibu sisi. Insha ya Ijumaa haifi: walimu wanne tumegawana mikondo minne, na kalamu nyekundu tumenunua.

Ila leo bado ni Ijumaa, na wewe bado ni mwalimu wetu hadi kengele ya mwisho. Wasifu huu nimeuandika kwanza kwa mkono, kwenye daftari. Nimeliweka mezani kwako, juu ya yale mengine.