Eulogio Cantarero na Kituo Kisicho na Abiria

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2019, saa nane na dakika kumi mchana, Bwana Eulogio Cantarero atazima injini ya basi dogo la Albaicín, mtaa wetu wa mlimani, na kukabidhi funguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu na miezi tisa ya utumishi. Ameomba kusiwe na hotuba. Kwa hiyo zitakuwepo mbili tu, pamoja na wasifu huu.

Alianza Septemba 1985 kwenye basi kubwa la mtaa wa Zaidín, akalalamika kwamba barabara ni pana mno, dereva anasinzia. Mabasi madogo yalipoanza kupanda Albaicín, wakubwa walitafuta mtu wa kujitolea. Bwana Eulogio hakujitolea. Alichaguliwa kwa sababu siku ya kikao alikuwa likizoni.

Basi likipita Carrera del Darro, barabara nyembamba ya kando ya mto, mwenda kwa miguu hujibanza mlangoni na kuvuta tumbo ndani. Eulogio alipita hapo mara kumi na nane kwa siku, mto upande mmoja na wapiga picha upande wa pili, na kwa miaka yote hiyo amepoteza kioo kimoja tu cha pembeni. Kilivunjwa na mwavuli wa mwongoza watalii. Amesisitiza liandikwe hilo, nami nimeliandika.

Watalii walimpenda, sababu hatuijui. Mmoja alimuuliza Alhambra iko wapi, na kasri lenyewe limejaa dirisha zima juu ya kichwa chake. "Asubuhi ilikuwepo," alijibu Eulogio bila kugeuka. Wengine walitaka kufika uwanja wa San Nicolás kutazama jua likizama. "Shukeni hapa, fuateni kelele za magitaa," aliwaambia. "Mkikuta watu wamelipa jua mgongo na wanajipiga picha, mmefika."

Sasa niseme kilichonifanya niombe kuandika wasifu huu badala ya mkurugenzi. Mimi ni Encarni Baena wa ofisi ya ratiba. Machi 2015 kampuni ilitaka kufupisha njia, basi lisifike tena Placeta del Almez, kituo cha juu kabisa. Nilitumwa kuhesabu abiria. Nilikaa pale asubuhi tano na karatasi yangu. Waliopanda: sifuri. Walioshuka: sifuri. Kila mara Eulogio alisimama, akafungua mlango, akanitazama, akafunga, akaondoka. Kwamba basi hilohilo lilifika mjini limejaa wazee, hilo halikuwa jambo la karatasi yangu. Nikaandika pendekezo kwamba kituo kifutwe.

Wazee walikuwa wanapandia majumbani kwao, baada ya kona. Kanuni inakataza basi kusimama nje ya kituo, lakini Albaicín ya juu ina kanuni yake. Mwenye safari huning'iniza aproni kwenye nondo za dirisha. Dereva akiiona, anafunga breki mlangoni, na mwenye nyumba anatoka na kikapu chake bila kuhangaika na mawe yanayoteleza. Bi Angustias Heredia, aliyekuwa na miaka themanini na sita, hakuwa amesimama kituoni tangu mwaka 1998. Eulogio aliwadekeza mpaka kituo chao kikafa. Na kituo kikifutwa, basi halipandi tena huko, na kuna ngazi mia moja na kumi na mbili za kushuka zahanati, na zizo hizo za kupanda.

Alijaribu kwanza njia rahisi. Alikwenda nyumba hadi nyumba kuwasihi wakasimame kituoni walau wiki moja. Bi Angustias mwenyewe amenisimulia alivyomjibu: "Mwanangu, nikasimame barabarani kama nguzo ya taa, na mlango ninao?" Eulogio akamwambia, "Mama, wanahesabia kituoni." "Basi waje wahesabie hapa. Nitawapa na kahawa." Nyumba nyingine zilisema hivyohivyo, ila bila kahawa.

Kuna jambo la kueleza hapa. Dereva akifikisha miaka thelathini bila doa kwenye faili lake, kampuni humpa beji ya fedha. Wameipata wawili tu. Eulogio alikuwa amebakiza miezi sita. Yeye hakuwahi kuitaja, ila mkewe, Purificación, alikuwa ameshanunua koti la kuivalia.

Alhamisi, siku moja kabla ya uamuzi, aliingia ofisini kwangu na karatasi ya mistari minne. Aliandika kwamba kwa miaka kumi na saba amesimamisha basi nje ya kituo kwa makusudi, wastani wa mara ishirini na sita kwa siku, na akaitaja milango yote.

"Eulogio, ukinipa hii, beji ndiyo imekwenda," nilimwambia.

"Encarni, piga muhuri. Nimeegesha vibaya."

Nilipiga muhuri. Nililia baadaye, chooni, nje ya ratiba.

Alipewa siku tatu za kukaa nyumbani bila mshahara, na doa. Placeta del Almez ilibaki, na kipande kile cha njia sasa kina ruhusa rasmi ya kuchukua abiria milangoni. Ruhusa hiyo hupitiwa upya kila mwaka, na ushahidi wake wote ni ile karatasi ya mistari minne iliyomo kwenye faili lake la nidhamu.

Mwezi uliopita, nikiandaa hati zake za kustaafu, nilimwomba mkurugenzi alifute doa lile na karatasi yake, ili mzee apate beji walau siku ya kuondoka. Mkurugenzi alikubali. Aliyekataa ni Eulogio.

"Liache," aliniambia. "Hakuna pengine palipoandikwa kwamba wale wazee wanapanda basi. Ukilifuta, atatumwa mwingine kama wewe kuja kuhesabu."

Kwa hiyo Ijumaa hatutampa beji. Asante, Eulogio, kwa njia yote ile. Wewe na Purificación tunawatakia siku ndefu zenye afya na amani. Faili lako tumelifunga na doa lako ndani, na nimeandika juu yake kwa mkono wangu: lisiguswe.