Supu ya Mwani ya Daktari Eom Hye-suk

Mchungaji, wazee wa kanisa, na ninyi nyote mliokuja kumsindikiza dada yangu, kabla sijasoma historia yake natubu mbele ya Mungu na mbele yenu kwamba nilimwibia marehemu, na nilichomwibia ni supu aliyompikia binti yake, nami nitaieleza itakapofika zamu yake.

Marehemu Daktari Eom Hye-suk alizaliwa tarehe 9 Machi 1962 mjini Yeosu, mtoto wa kwanza wa mzee Eom Pan-su, fundi wa nyavu, na mama Ju Mal-rye, na mimi Bok-sun nikamfuata baada ya miaka miwili. Alisoma hapohapo Yeosu, kila mwaka akawa wa kwanza, na mwaka 1981 akaingia chuo cha udaktari Busan, wakati huo mimi nilikuwa nimeshaacha shule, natia samaki kwenye makopo kiwandani, maana nyumba yetu iliweza kusomesha mmoja, na aliyechaguliwa si mimi. Alipokuja likizo mama alilitundika koti lake jeupe sebuleni, aproni yangu ikatundikwa nje kwa sababu ya harufu, na siwezi kusema uongo leo, lile koti nililionea wivu.

Tarehe 15 Aprili 1989 alifunga ndoa na mwalimu Shim Jong-pil wa hapa Daejeon, wakajaliwa U-jin, tarehe 2 Februari 1990, na Se-rin, tarehe 13 Oktoba 1991. Tarehe 1 Machi 1994 aliajiriwa hospitalini Taebaek kutibu mapafu ya wachimba makaa ya mawe, mahali ambapo madaktari wengine hawakukaa, mume na watoto wakabaki hapa, nami nikaitwa kuwalea. Kwa miaka ishirini na minane aliondoka Jumapili jioni akarudi Jumamosi mchana. Kucha nilikata mimi, homa nilikesha nazo mimi, lakini Jumamosi mlango ukilia watoto walinipita mbio na soksi zao, "Mama kaja, mama kaja," wakaniacha na mwiko mkononi, na Mama Gu wa ghorofa ya chini akawa ananitania, "Bok-sun, kuku wako wamemwona mwenye mtama."

Jumapili tarehe 11 Oktoba 1998, kwa mara ya kwanza, dada mwenyewe alimpikia Se-rin supu ya mwani, ile inayoliwa kwetu asubuhi ya siku ya kuzaliwa, akaipika kwa kome kama mama yetu, akaigandisha, akabandika karatasi, "Ya Se-rin, Jumanne." Jumanne asubuhi niliiyeyusha nikaimwaga kwenye sinki, nikapika yangu kwa nyama ya ng'ombe, nikitaka mtoto asifu mkono wangu mara moja tu. Alikula bakuli mbili, akafuta mdomo, akasema, "Mama mdogo, usikasirike, lakini supu ya mama ni tamu kuliko zako zote." Nikaondoa bakuli mezani, na kila mwaka nikarudia kumwaga na kupika, maana ningeacha angeijua tofauti.

Mwaka 2002 siku hiyo iliangukia Jumapili, dada akawepo nyumbani, na Se-rin akamwambia mezani, "Mama, tupikie ile yako ya nyama." Dada aliniangalia, mimi nikainuka nikaenda kwenye sinki. Akanifuata jikoni, akafunga mlango.

"Bok-sun, nifundishe kupika supu yangu."

"Dada, nipige."

"Nikupige na mikono ipi, hii ya Jumamosi tu? Haya, kitunguu saumu kinaingia lini?"

Tangu hapo aliipika supu yangu kwa jina lake, hakuwaambia watoto hata siku moja, na Mungu anisamehe, hata huo msamaha wake niliuonea wivu.

Alistaafu Februari 2022, tarehe 30 Januari mwaka huu akagundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa kadiri ilivyowezekana, na Alhamisi tarehe 18 Mei 2023, saa kumi na dakika kumi alasiri, Bwana akamchukua, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani, Mama Gu aliyepika msibani siku zote tatu, wafanyakazi wenzake, na wachimba makaa wastaafu wa Taebaek waliokodi basi, wakapanda ngazi hizi na vifua vyao vile.

Jana Se-rin alilia kwamba hataionja tena supu ya mama yake. Mwanangu, unayoililia ni yangu, hata kesho nitakupikia. Ya mama yako hujawahi kuionja. Mwezi Machi, siku yangu ya kuzaliwa, alinipikia ya kome akiwa amekaa kwenye kigoda kwa kukosa nguvu, nikashindwa kuila, ipo kwenye friza yangu na karatasi yake, "Ya Bok-sun."

Pumzika kwa amani, dada, umesafiri vya kutosha.

Se-rin, tukitoka makaburini usiwahi treni ya kurudi kwako Seoul. Njoo na kaka yako jikoni kwangu, muile supu hiyo yote, msinibakizie.